Kuingia kwenye seva ya nyumbani kwa simu bila kuacha mlango wazi

Swali ni lile lile kila siku: nina seva nyumbani, niko mbali nayo, naingiaje kwa simu? Na jibu ambalo mtu hupewa haraka haraka ni "fungua poti 22 kwenye rauta umalize kazi" (poti ni mlango wa mtandao, na 22 ndo wa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta na kuandika amri ukiwa mbali). Usifanye hivo. Mi nilifanya enzi hizo, nikafungua poti jioni nikalala, asubuhi nafungua logi nakuta mstari juu ya mstari, mtu anajaribu kuingia kama root (mkuu wa mfumo), kama admin, kama pi, kama test, sekunde kwa sekunde, na wala hakuna aliyenilenga mimi, ni roboti tu zinazozunguka intaneti nzima zikigonga kila mlango. Nywila yangu ilikuwa ndefu kwa hiyo nilipona, ila usingizi uliisha siku hiyo.

Njia ninayoielekeza hapa ni hii: kwenye rauta unafungua poti moja tu ya WireGuard (VPN, yaani njia ya siri kati ya simu na seva), halafu mambo yote mengine (SSH, mafaili, kamera, chochote ulichonacho) yanapita ndani yake. Uzuri wa WireGuard ni kwamba mtu asiye na ufunguo akigonga haijibu kabisa, hata kusema "hapana" haisemi, kwa hiyo anayepita huko nje hajui hata kama kuna kitu. Nadharia inaishia hapo, tufanye kazi.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Seva yenyewe, kompyuta yoyote yenye Linux. Laptopu ya zamani inatosha, Raspberry Pi inatosha. Amri nazoandika ni za Debian na Ubuntu. WireGuard imeingizwa ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020, kwa hiyo mfumo wa karibuni hauna shida.
- Uwezo wa kuingia kwenye kurasa za mipangilio ya rauta. Kama nywila ya rauta bado ni ile iliyobandikwa chini yake, ibadilishe leo hii kabla ya kitu kingine chochote.
- Simu, Android au iPhone, yenye data yake mbali na waifai ya nyumbani. Utaihitaji kwenye majaribio.
- Kibodi na skrini kwenye seva, au kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao huo huo wa nyumbani. Ukijifungia nje hii ndo itakuokoa, na nakwambia kabisa usifanye zoezi hili ukiwa safarini.

Ukitumia laptopu kama seva, fungua `/etc/systemd/logind.conf` uweke `HandleLidSwitch=ignore` halafu zima uwashe, la sivyo siku mtu akifunika kifuniko seva italala na wewe utakaa huko ulipo unalaumu mtandao.

Hatua ya 1: Hakikisha una anwani ya umma

Watu wengi wanairuka hii halafu wanapoteza siku nzima. Kwenye seva andika:

```
curl -4 ifconfig.me
```

Itakupa anwani. Sasa ingia kwenye rauta, tafuta sehemu inayoonyesha anwani ya upande wa nje (mara nyingi imeandikwa WAN), ulinganishe. Zikifanana uko sawa, nenda hatua ya 2. Zikitofautiana, hasa ukiona ya rauta inaanza na 100.64 mpaka 100.127, au 10, au 192.168, mara nyingi maana yake mtoa huduma amekuweka nyuma ya anwani moja mnayotumia wateja wengi, na hata ufungue poti mia kwenye rauta yako hakuna kitakachoingia.

Hapo una mawili. Muombe mtoa huduma akupe anwani ya umma, au tumia Tailscale, ambayo kwa ndani ni WireGuard hiyo hiyo ila vifaa vyenyewe vinatafutana bila wewe kufungua poti yoyote:

```
curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh
sudo tailscale up
```

Itakupa linki, unaifungua, unaingia na akaunti yako, halafu unaweka programu ya Tailscale kwenye simu na kuingia na akaunti ile ile. Basi. Ila sasa usalama wako wote unaning'inia kwenye hiyo akaunti, kwa hiyo washa uthibitisho wa hatua mbili. Wewe wa Tailscale ruka hadi hatua ya 8, na kila nikiandika 10.77.13.1 weka anwani unayopewa na `tailscale ip -4` ukiiandika kwenye seva.

Hatua ya 2: Ipe seva anwani isiyobadilika ndani ya nyumba

Kwenye rauta tafuta sehemu ya DHCP (inayogawa anwani kwa vifaa vya nyumbani), chagua seva yako kwenye orodha, ihifadhie anwani, tuseme 192.168.1.50. Usipofanya hivi siku umeme ukikatika ukarudi rauta inaweza kuipa seva anwani nyingine na poti uliyofungua itakuwa inaelekea kwenye televisheni.

Hatua ya 3: Weka WireGuard na utengeneze funguo

```
sudo apt update && sudo apt upgrade
sudo apt install wireguard qrencode
sudo -i
cd /etc/wireguard
umask 077
wg genkey | tee seva.siri | wg pubkey > seva.umma
wg genkey | tee simu.siri | wg pubkey > simu.umma
```

Hiyo `umask 077` usiiache, ndo inafanya mafaili yasisomeke na mtu mwingine zaidi ya root. Sasa una jozi mbili, ya seva na ya simu. Kila jozi ina ufunguo wa siri na wa umma. Kanuni ni moja tu, na ndipo asilimia kubwa ya wanaoanza wanapojikwaa: siri inakaa kwa mwenyewe, umma unaenda kwa mwenzake. Yaani faili la seva lina siri ya seva na umma wa simu, faili la simu lina siri ya simu na umma wa seva. Funguo zote zina herufi 44 na zinaishia na alama ya `=`, kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo ukikopi angalia umekopi kutoka faili lipi. Na ukiacha hiyo `=` ya mwisho haitakubali.

Hatua ya 4: Andika faili la seva

```
nano /etc/wireguard/wg0.conf
```

Ndani yake:

```
[Interface]
Address = 10.77.13.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = WEKA_YALIYOMO_SEVA.SIRI

[Peer]
PublicKey = WEKA_YALIYOMO_SIMU.UMMA
AllowedIPs = 10.77.13.2/32
```

Kwanini 10.77.13? Kwa sababu haifanani na kitu. Ukichagua 192.168.1 au 192.168.0 utakuja kukaa kwenye waifai ya watu ambayo nayo inatumia namba hizo hizo, na simu haitajua ipeleke wapi. Chagua namba zako za ajabu ajabu mradi zianze na 10.

Ukiona mahali wameandika `SaveConfig = true` usiiweke. Inafanya WireGuard iandike upya faili lako kila inapozimwa, kwa hiyo unahariri kwa mkono, unazima uwashe, mabadiliko yamepotea, unahariri tena, yamepotea tena, mpaka unaanza kujiuliza kama una akili timamu.

Washa:

```
systemctl enable --now wg-quick@wg0
wg show
```

Ukiona `interface: wg0` na `listening port: 51820` seva iko tayari inasikiliza.

Hatua ya 5: Fungua poti kwenye rauta

Tafuta "Port Forwarding", rauta nyingine zinaiita "Virtual Server" au zimeificha chini ya NAT. Poti ya nje 51820, poti ya ndani 51820, anwani ya ndani ile ya seva (192.168.1.50 kwenye mfano wetu), na aina ya mawasiliano (Protocol) ni UDP. Sio TCP. Rauta nyingi zinakuja zimechagua TCP na mtu anabonyeza hifadhi bila kuangalia, na WireGuard haijui TCP kabisa.

Ukiwa humo humo, zima UPnP kama huna kinachoihitaji, maana inaruhusu kifaa chochote ndani ya nyumba kijifungulie poti bila kukuuliza. Na kama uliwahi kufungua 22 huko nyuma, ifute sasa hivi.

Hatua ya 6: Jina badala ya namba

Anwani ya nyumbani kwa kawaida inabadilika badilika. Jipatie jina kwenye huduma ya DNS (inayogeuza jina kuwa anwani) inayofuata mabadiliko hayo. DuckDNS ni ya bure na rahisi, unaingia, unachagua jina, unapewa tokeni, halafu kwenye seva unaandika `crontab -e` na kuongeza mstari huu:

```
*/5 * * * * curl -s "https://www.duckdns.org/update?domains=JINALAKO&token=TOKENI&ip=" >/dev/null
```

Kila dakika 5 seva inaijulisha DuckDNS iko wapi. Rauta nyingi pia zina sehemu ya DDNS (huduma ya aina hiyo hiyo) ndani yake, ukiikuta tumia hiyo, ni sawa tu.

Hatua ya 7: Faili la simu na QR

Bado uko kama root ndani ya `/etc/wireguard`. Andika `nano simu.conf`:

```
[Interface]
PrivateKey = WEKA_YALIYOMO_SIMU.SIRI
Address = 10.77.13.2/32

[Peer]
PublicKey = WEKA_YALIYOMO_SEVA.UMMA
Endpoint = jinalako.duckdns.org:51820
AllowedIPs = 10.77.13.1/32
```

Huo mstari wa mwisho una maana: kinachoenda kwenye seva tu ndo kipite kwenye WireGuard, mengine yote ya simu yaendelee na njia yake ya kawaida. Utakuta wengi wanakwambia uweke `0.0.0.0/0`. Hiyo inapitisha kila kitu cha simu nyumbani kwako kwanza, na bila kuongeza mipangilio mingine kwenye seva matokeo yake ni simu kukosa intaneti kabisa. Kwa kazi yetu haihitajiki. `PersistentKeepalive` nayo sijaiweka makusudi, simu ndo inayoanzisha mawasiliano kwa hiyo haina haja ya kupiga hodi kila sekunde 25 ikila betri.

Sasa:

```
qrencode -t ansiutf8 < simu.conf
```

Mraba wa QR utatokea kwenye teminali. Kama unafanya yote haya kwenye dirisha dogo QR inakatika, tanua dirisha au punguza maandishi. Kwenye simu fungua programu rasmi ya WireGuard, bonyeza alama ya kuongeza, chagua kuskani, elekeza kamera, ipe jina.

Usiipige picha hiyo QR wala kuichukulia skrinishoti "kwa ajili ya baadaye". Ndani yake kuna ufunguo wa siri mzima mzima, na picha za simu zinajipeleka zenyewe kwenye bekapu huko mawinguni. Ukishaskani futa:

```
rm simu.conf simu.siri
exit
```

Ukipata simu mpya utatengeneza jozi mpya, ni dakika mbili.

Sasa jaribio. Zima waifai ya simu, baki na data peke yake, washa WireGuard. Programu itaonyesha imewaka hata kama hakuna kinachoendelea, kwa hiyo usiiamini. Fungua kivinjari ujaribu kitu chochote kilichoko kwenye seva kwa anwani 10.77.13.1, halafu kwenye seva andika `sudo wg show`. Unatafuta mstari wa `latest handshake`, yaani mara ya mwisho simu na seva zilipotambuana. Ukiuona na ni sekunde chache zilizopita, umemaliza sehemu ngumu. Usipouona, shuka kwenye matatizo huko chini, na usifanye jaribio hili ukiwa kwenye waifai ya nyumbani maana rauta nyingi hazijui kutoka nje na kurudi ndani zenyewe kwa zenyewe, utadhani umekosea kumbe hujakosea.

Hatua ya 8: SSH kwa ufunguo

Kama SSH haipo kwenye seva, `sudo apt install openssh-server`. Kwenye Android naipenda Termux (teminali ya simu), ichukue F-Droid (duka la programu huria). Ndani yake, ukiweka jina lako la mtumiaji wa seva badala ya `jina`:

```
pkg install openssh
ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id jina@10.77.13.1
```

Ikikuomba neno la kulinda ufunguo, liweke, usibonyeze tu enta. Simu ni kitu cha kuibiwa. Kwenye iPhone tumia programu kama Termius, tengeneza ufunguo wa ed25519 humo ndani, kopi ule wa umma uubandike kwenye seva ndani ya `~/.ssh/authorized_keys`.

Jaribu `ssh jina@10.77.13.1`. Ikiingia bila kuuliza nywila ya seva, sasa ndo unazima nywila. Acha dirisha hilo wazi, usilifunge hadi mwisho wa hatua hii. Tengeneza faili jipya:

```
sudo nano /etc/ssh/sshd_config.d/10-funguo.conf
```

```
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no
```

Kwanini faili jipya na sio kuhariri `sshd_config`? Kwa sababu SSH inashika thamani ya kwanza inayoikuta, na Ubuntu za seva mara nyingi zina faili la `50-cloud-init.conf` humo ndani linalosema nywila ruksa. Linasomwa mapema kuliko mistari yako ya kule kwenye faili kubwa, kwa hiyo unaandika `no`, unaridhika, na nywila bado inakubalika. Ukianza jina na 10 wewe ndo unatangulia. Usikisie, muulize mwenyewe:

```
sudo sshd -t
sudo systemctl restart ssh
sudo sshd -T | grep -i passwordauth
```

Amri ya kwanza ikikaa kimya ni nzuri, ya mwisho lazima iseme `no`. Fungua dirisha la pili ujaribu kuingia upya. Likiingia, funga la kwanza.

Hatua ya 9: Fayawoli

```
sudo apt install ufw
sudo ufw allow 51820/udp
sudo ufw allow in on wg0 to any port 22 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw enable
```

ufw ndo fayawoli yenyewe, inazuia kinachoingia ambacho hujakiruhusu. Fuata mpangilio huo huo, ruhusu kwanza, washa mwisho. Ukiwasha kabla ya kuruhusu 22 unajifungia nje na ndo maana nilikwambia uwe na kibodi karibu. Kama una huduma nyingine, iruhusu kwa mtindo ule ule wa `in on wg0`. Wa Tailscale weka `tailscale0` badala ya `wg0`, na mstari wa 51820 hauuhitaji. Watumiaji wa Docker mjue hili: poti mnazozitangaza kwenye kontena zinapita pembeni ya ufw, haizioni. Zifungeni kwenye anwani yenyewe, mfano `10.77.13.1:8080:80`.

Ikigoma

*Hakuna handshake kabisa.* Kwenye seva andika `sudo tcpdump -ni any udp port 51820` (kama haipo, `apt install tcpdump`), halafu kwenye simu iliyo kwenye data zima uwashe WireGuard, kisha fungua 10.77.13.1 kwenye kivinjari. Paketi zikionekana zinaingia, rauta haina kosa, tatizo ni funguo: nenda kalinganishe nani ana umma wa nani, au fayawoli inazuia. Zisipoonekana, kosa liko kabla ya seva: UDP/TCP kwenye rauta, anwani ya seva imebadilika, jina la DuckDNS linaelekea kwingine, au rudi hatua ya 1 ulinganishe tena kwa uaminifu.

*Handshake ipo ila SSH inaning'inia.* Kama inaunganika halafu inaganda ukifungua kitu kikubwa, kwenye mipangilio ya WireGuard ya simu weka MTU (ukubwa wa paketi) 1280. Kama haiunganiki hata mwanzo, ni ufw.

*Ukipingi simu kutoka kwenye seva inasema "Required key not available".* Hiyo ni AllowedIPs upande wa seva, haijaandikwa anwani ya hiyo simu.

*Ilikuwa inafanya kazi, ghafla imekufa.* Anwani ya nyumbani imebadilika, na WireGuard huwa inauliza jina pale inapowaka. Zima uwashe kwenye simu. Ikigoma bado subiri dakika 5 za cron (ule mstari wa hatua ya 6).

*Simu mbili zinapokonyana, ikiingia hii ile inatoka.* Umeskani QR moja kwenye vifaa viwili. Kila kifaa jozi yake, anwani yake (10.77.13.3, .4 na kuendelea) na `[Peer]` yake kwenye `wg0.conf`, ukimaliza `sudo systemctl restart wg-quick@wg0`.

*Simu imeibiwa.* Usingoje. Andika `sudo wg show`, tafuta yenye anwani 10.77.13.2, kopi ufunguo wake wa umma:

```
sudo wg set wg0 peer UFUNGUO_WA_UMMA remove
```

Imetoka hapo hapo. Halafu futa hiyo `[Peer]` ndani ya `wg0.conf` isije ikarudi seva ikiwashwa upya, na ufute mstari wa hiyo simu kwenye `~/.ssh/authorized_keys`. Wa Tailscale anafuta kifaa kwenye ukurasa wa akaunti yake, ila huo mstari wa SSH lazima aufute vile vile.